Doa la kijani usoni mwa Simone

Mikono ya Gracien haikuwahi kujua kutulia, na hilo hata mkewe Colette alikuwa ameshalichoka. Mweke mezani, atazungusha uzi kwenye kidole. Mpeleke kanisani, atasokota ncha ya tai mpaka ifanane na mkia wa panya. Miaka thelathini na mmoja alikuwa bobineur katika karakana ya kampani ya shaba, pale Shituru mjini Likasi, yaani fundi wa kusuka upya waya wa shaba ndani ya mota zilizoungua. Mota inaletwa imekufa, inanuka moshi, yeye anaitoa matumbo yote, anahesabu mizunguko, anaisuka tena, inarudi kazini inaimba. Watu wakamwita Papa Bobine. Kisha mashine zikasimama moja baada ya nyingine, mishahara ikawa hadithi, na mwaka wa tisini na tano Papa Bobine alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Kikula, ujuzi tele mikononi na hakuna cha kushika. Sasa mtu wa namna hiyo, ndugu yangu, ukimwongezea hofu, atakaa vipi?

Na hofu alikuwa nayo. Hofu yenyewe ilikuwa doa la kijani, kubwa kama kiganja cha mkono, kwenye kioo cha televisheni ya watu wengine. Cheka ukipenda. Mimi nami nilicheka niliposikia mara ya kwanza, na baadaye nikaona haya.

Binti yake wa kwanza, Simone, aliolewa mwezi wa nane na Blaise, kijana mpole aliyekuwa akivunja mawe ya chokaa Kakontwe. Arusi ilipigwa video, na kaseti ikakaa kwa mama wa bwana arusi, Mama Élise, mjane mwenye televisheni pekee iliyokuwa bado hai katika avenue yao, yaani mtaa wao. Matangazo yalikuwa hayafiki tena, ukiwasha unaona chengachenga tu. Kwa hiyo kila umeme, au courant kama wanavyouita kule, uliporudi, iliwekwa kaseti ya arusi. Hakukuwa na kingine cha kutazama.

Siku ya kwanza ya kuionyesha, watu walijaa sebuleni, wakajaa barazani, wakajaa uwanjani. Wa nyuma wakaanza kelele: "Hatusikie! Mutie sauti!" Baba wa bibi arusi, mtu wa umeme, mbele ya bakwe, yaani wakwe zake, angekaa kimya? Alitoka mbio mpaka kwa frère Cyrille, kiongozi wa kikundi cha maombi, akaazima ile spika kubwa ya kuhubiria ambayo kule wanaiita baffle. Akaibeba kichwani mwenyewe, jasho likimtiririka shingoni, akaiegemeza kabisa ubavuni mwa televisheni, upande wa kulia, akaunga nyaya. Sauti ikasikika mpaka barabarani. Watu wakampigia makofi naye akainama kidogo, amefurahi kupita kiasi. Spika ikakaa pale siku tatu, ndipo Cyrille akaja kuichukua.

Wiki iliyofuata jamaa walikaa peke yao kutazama kwa utulivu. Kuna sehemu ndefu ambapo mpiga picha alisimamisha kamera mbele ya meza ya maarusi na kwenda zake kula. Karibu saa nzima picha haisogei. Blaise amekaa kushoto, uso wake ni uso. Simone amekaa kulia, na uso wake ni wa kijani, kandokando zambarau, kama jani la mhogo lililoanza kuoza. Kisha kwenye kaseti Simone akainuka kwenda kucheza, shangazi mmoja akakalia kiti chake, na shangazi naye akawa kijani.

"Munaona?" akasema Mama Élise polepole. "Kila mwenye anakaa fasi yake, inamushika."

Usimwone Mama Élise kuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika mume, alikuwa amewaona wanawe wawili wakienda kuchimba mawe kwenye mgodi wa Shinkolobwe bila ruhusa ya mtu, na mji mzima mwaka ule ulikuwa unatafuta sababu. Juu ya nini maji hayatoki? Juu ya nini watoto wanakohoa? Mtu akipata jibu lenye uso, analishika kwa mikono miwili. Na jibu hili lilikuwa na uso, tena linaonekana kwenye kioo.

Mwisho wa mwezi wa tisa Cyrille aliitwa aombee nyumba. Gracien na Colette nao waliitwa, wakakaa kwenye benchi karibu na mlango kama watoto waliovunja sahani. Kaseti ikawekwa, picha ikafika pale mezani. Kisha Cyrille, ili maombi yasikike avenue nzima, akaingiza spika yake. Akaiweka pale pale. Upande wa kulia, ubavu kwa ubavu na televisheni.

Doa likavimba. Likatetemeka, likaushuka uso wa Simone, likameza bega lake, likamshika na Blaise mkono. Wanawake wakapiga yowe. "Inakataa! Iko na kasirika!" Cyrille naye, jasho la haki linamtoka, akaisogeza spika karibu zaidi ili shetani asikie vizuri, na doa likanenepa zaidi.

Gracien pale kwenye benchi akaikodolea macho ile spika. Sumaku! Mungu wangu, sumaku! Kila spika ina sumaku nyuma, na hii ilikuwa na donge la sumaku zito kama tofali. Na nyuma ya kioo cha televisheni kuna bamba jembamba la chuma lenye vitundu vidogo vinavyoelekeza kila rangi fasi yake. Chuma kikishikwa na sumaku kinaibakiza nguvu yake, na rangi zinapotea njia. Pete ya shaba ya kulisafisha bamba hilo, ile inayojiwasha yenyewe ndani ya televisheni, kwenye chombo hiki kikuukuu ilikwisha kuungua zamani. Mambo haya alikuwa anayajua kama anavyolijua jina la mama yake. Sumaku ilimlisha miaka thelathini na mmoja. Na ni yeye, Papa Bobine, bingwa wa kupigiwa makofi, aliyekuwa wa kwanza kuiegemeza pale, siku tatu mfululizo.

Akasimama. Watu wakadhani ameguswa na maombi, wakamwitikia haleluya. Akakaa.

Hakusema, na hapa mimi namkasirikia mpaka leo. Angesema palepale, neno moja, yangekwisha. Lakini atoe vipi kinywani, mbele ya bakwe, katika nyumba ambayo kwa desturi hata chakula anakula kwa aibu, kwamba fundi mzima amefanya kosa ambalo kwalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angepigwa kibao? Alikuwa amepoteza kazi, amepoteza mshahara, alibakiwa na kitu kimoja tu, ile sifa. Akajidanganya: nitalifuta doa kimyakimya, nani atauliza lilitoka wapi?

"Ni vumbi tu," akasema maombi yalipokwisha. "Minye nitatengeneza."

Akasuka pete ya waya wa shaba, kubwa kama gurudumu la baiskeli, kutoka kwenye mota iliyokufa ya kinu cha mahindi. Siku mbili mikono yake ilikuwa na furaha kuliko yeye mwenyewe. Kazi ya pete hiyo ni nyepesi: unaiunganisha na umeme, unaizungusha mbele ya kioo, unarudi nyuma taratibu mpaka mbali, na hapo ndipo unazima. Umeme ukikatika ungali karibu, umeharibu kuliko mwanzo. Lakini kumwomba umeme wa Likasi mwaka ule akae dakika mbili! Afadhali umwombe mbuzi asile nguo kwenye kamba.

Alizungusha dakika moja. Doa lilikuwa linayeyuka, wote wanaliona, Mama Élise ameanza kutabasamu. Akapiga hatua moja kurudi nyuma. Paa! Umeme ukakatika.

Uliporudi baada ya saa tatu, kioo chote kilikuwa kimechafuka, zambarau huku, kijani kule, njano katikati. Kila mgeni wa arusi alikuwa amepakwa kitu, na Simone kuliko wote.

Mama Élise hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Baba Simone, minashukuru kwa kazi. Lakini mutoto akuye kwenu kwanza. Tukisha kuombea nyumba muzuri, tutamuita." Blaise alitazama viatu vyake. Alimpenda mkewe, naye alimwogopa mama yake, na siku hiyo woga ulishinda. Simone akarudi Kikula na valize yake ya nguo kichwani, mchana, watu wakimwona.

Wiki zikapita, hakuitwa. Hakulia, alifua. Alifua nguo safi. Wanawake kwenye bomba walimpisha achote maji kwanza, si kwa heshima, bali wasisimame nyuma yake. Asubuhi moja akiwa anaosha sufuria akamuuliza baba yake bila kuinua kichwa:

"Papa, ile kitu ni nini? Weye njo unajua bintu bya courant."

"Fil moja imeungua," akasema Gracien, akimaanisha waya. "Ndani kabisa."

"Fil tu?"

"Fil tu."

Tangu hapo Gracien hakushikika. Alitembea kutoka Kikula mpaka stesheni, akagusa ukuta, akarudi. Aliifungua redio nzima na kuifunga, haikuwa na ugonjwa. Akianza chakula anasimama, akianza kulala anakaa, akianza kusema anakohoa. Colette akawaka: "Baba Simone, ikala chini! Unanizungusha kichwa! Kama uko na neno, utapike!" Gracien akaokota kofia, akaenda tena stesheni.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, Cyrille alikuja mlangoni amekumbatia spika yake. Umeme ulirudi na nguvu za wazimu, ukaunguza koili ndani. "Papa Bobine, unisukie. Bila baffle, watu wanasinzia."

Gracien akaifungua mezani. Akaitoa sumaku, misumari iliyokuwa kwenye kopo ikaruka ikaishika. Akaitazama kama mtu anayemtazama mwizi wake. Akili ikaanza kuzunguka pamoja na mikono. Ile pete ya shaba ilifanya nini? Iligeuza mvuto huku na kule, huku na kule, upesi, halafu unaondoka nayo taratibu. Basi na sumaku ukiizungusha, si inageuza vilevile? Ukutani palining'inia keke yake ya mkono, chignole, ile ya kutoboa mbao kwa kuzungusha mpini. Akaifunga sumaku kwenye mdomo wa keke kwa boliti na vipande vya bati, akazungusha. Ikavuma.

"Colette!" akaita. "Colette, ukuye kuona! Sasa nani atanikata? Courant ni minye!"

Siku tatu alifanya mazoezi uwanjani, anazungusha mpini huku anatembea kinyumenyume, mpaka akamkanyaga kuku. Majirani wakasema basi, na baba naye limempata.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana wakaenda wote watatu, baba, mama na binti, Simone nyuma na valize yake, kwa sababu Gracien alimwambia aichukue. Huko walimkuta Mama Élise, Blaise, Cyrille na shangazi yule aliyekuwa kijani. Umeme haukuwepo. "Vema," akasema Gracien, "hatuuhitaji." Akasimama mbele ya kioo cheusi, akazungusha keke, akalizungukia bamba lote, kona kwa kona, kisha akaanza kurudi nyuma. Nyayo kwa nyayo. Akapita meza, akapita mlango, akashuka barazani bado anazungusha, shati limeganda mgongoni, watoto wa avenue wamepanga mstari wanamhesabia hatua. Alipofika kwenye ua ndipo akaacha mpini.

Kisha wakangoja. Kwa mtu kama yeye, huo ndio ulikuwa moto. Alikaa, akasimama, akahesabu matundu ya pazia. Simone alikuwa ameketi juu ya valize yake karibu na mlango, nje kidogo, ndani kidogo. Blaise alimletea kikombe cha maji, akakipokea bila kumtazama.

Saa kumi umeme ukarudi. Kaseti ikaingia. Wageni, kwaya, keki, na hatimaye meza ya maarusi. Blaise upande wa kushoto. Na kulia Simone, hudhurungi, mzima, ana tone la jasho juu ya mdomo, anazuia kicheko. Miezi mitatu hakuna aliyeuona uso ule kwenye kioo kile.

Nyumba ikalipuka. Shangazi akapiga vigelegele. Colette akajifunika kitambaa akalia. Gracien akaiweka keke sakafuni. Imekwisha, akawaza. Imekwisha, na hakuna aliyeuliza.

Mama Élise akamwendea Simone, akamkumbatia kwa nguvu, kwa upendo kabisa. "Aksanti Yesu! Frère Cyrille ako anafunga tokea siku ya kwanza. Imetoka! Ile pepo imekutoka, mutoto wangu! Sasa uko safi. Rudia kwako."

"Amina," akasema Cyrille.

Simone hakusema amina. Alisimama ndani ya mikono ya mama mkwe wake, mikono yake mwenyewe imening'inia, na uso wake, ule wa kweli, ukawa mbaya kuutazama kuliko ulipokuwa kijani kwenye kioo. Gracien akauona. Akaelewa kwamba binti yake atarudi nyumba hii kama mtu aliyetolewa pepo. Mtoto akiumwa, watamtazama. Mvua ikikawia, watamtazama. Na yeye baba yake angekwenda nyumbani na sifa yake haina mkwaruzo.

Akasimama. Colette akamvuta koti: "Baba Simone, ikala. Imeisha."

"Haiyaisha," akasema. Akamwambia Blaise: "Rudisha kaseti. Pale nilipotoa hotuba. Simamisha."

Blaise akarudisha, akasimamisha. Picha ikatetemeka ikakaa. Kwenye kioo, upande wa kulia, Gracien amesimama na karatasi ya hotuba mkononi, suti ya kijivu, kidevu juu, anajiona mkubwa. Gracien wa sebuleni akachukua keke, safari hii hakuizungusha. Akaibandika sumaku juu ya kioo, kwenye uso wake mwenyewe, akaishika hapo, akaiondoa kwa ghafla.

Kijani. Kandokando zambarau.

Shangazi akajigusa shavu.

"Haya," akasema, akiinua sumaku wote waione. "Pepo iko na minye sasa? Mutaniombea? Hii ni sumaku, Mama. Imetoka ndani ya baffle ya frère Cyrille. Siku ya kwanza ya kaseti, nani alileta baffle akaiweka hapa? Ni minye. Munye muliniona, mulinipigia makofi. Simone hana na kitu. Hakuwa na kitu hata siku moja. Ni minye baba yake nilimupaka, na nikanyamaza juu ya aibu."

Cyrille akaigeukia keke, akaitambua sumaku ya spika yake. Mama Élise akakaa kwenye kiti. Alimtazama Gracien wa kijani kwenye kioo, akamtazama huyu mwingine, na mkono wake ukapanda mdomoni.

Simone ndiye aliyesema. Aliuliza kwa upole, kama anauliza saa.

"Ulijua tokea siku gani, Papa?"

Gracien angeweza kusema jana. Angeweza kusema juzi, spika ilipoletwa.

"Tokea siku ya maombi."

Simone akahesabu kwa vidole, polepole, mbele ya wote. "Miezi mbili," akasema. "Miezi mbili nilikuwa nafua manguo kwako na ile jina, na weye ulikuwa unaenda stesheni."

Gracien akafanya alichozoea kufanya, akainua keke, akashika mpini, aanze kulifuta lile doa. Simone akauweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, mpini ukasimama.

"Wacha. Ikae pale."

Blaise akainuka mwishoni, kwa kuchelewa kama kawaida yake, akachukua valize, akaipeleka chumbani bila kumwomba mama yake ruhusa. Simone akamfuata. Mama Élise akaita kwa sauti ndogo, "Simone, mutoto wangu, unisamehe," na sauti ikajibu kutoka chumbani, "Nimesikia, Mama." Si zaidi ya hapo.

Doa likakaa pale. Televisheni ile iliishi miaka mingine mitano, na kila aliyepita kwenye kona ile ya kioo, awe mchezaji wa mpira au waziri, alikuwa kijani, na watoto wa avenue walipiga kelele, "Papa Bobine!" Gracien alikuwa anayo keke nyumbani, na sumaku nyingine alishaipata. Dakika kumi zingetosha. Hakuligusa.

Mtoto wa kwanza wa Simone, Bénie, alipoanza kusema, iliwekwa kaseti ya arusi siku babu yake alipokuja kuwaamkia. Mtoto akatembea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole kwenye doa, akageuka kumtazama Gracien, akacheka. "Babu," akasema. Simone alikuwa mlangoni na sahani ya bukari, yaani ugali, mikononi. Hakumsahihisha mtoto. Alimpa baba yake sahani, akakaa karibu naye, akamwambia ale kabla haijapoa.